Safari ya boti ndogo kwenye Mto Ruaha Mkuu hadi Mtera: naomba ushauri wa wanaoujua mto

Mwalimu wa Kikuyu

Ndugu zangu, nawasalimu. Ninaishi Kikuyu hapa Dodoma na ninafundisha jiografia shule ya sekondari. Kila ninapokwenda Iringa, basi linapopita juu ya ukuta wa bwawa la Mtera huwa natazama mkono wa kulia, ambako maji yametandaa hadi macho yanachoka, na kila mara najiuliza huo mto unaoingia huko ndani unafananaje. Nimewafundisha wanafunzi wangu Bonde la Rufiji kwa miaka mingi kwa kutumia ubao na ramani ya ukutani, na ninaona si haki kuendelea kuusimulia mto ambao sijawahi kuugusa isipokuwa kwenye daraja.

Kwa hiyo tumekubaliana watu watatu, yaani mimi, mdogo wangu na rafiki yetu ambaye ni fundi wa magari, kwamba tusafiri kwa maji. Tunafikiria kuanzia jirani na mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, tushuke na Ruaha Mkuu kupitia Pawaga, tuingie bwawani na kumalizia Mtera. Nimepima umbali kwenye ramani kwa rula, nikaugawanya kwa siku sita, na hesabu imekaa vizuri. Tunakusudia kununua boti mbili za mpira za kujaza upepo kwa sababu zinakunjika na kuingia kwenye buti la gari.

Ninaomba kujua mambo manne. Je, mwezi upi unafaa? Ninaweza kupata ruhusa kazini Juni shule zikifungwa, au juma moja mwezi Septemba, na nilikuwa naelekea Septemba kwa kuwa maji yatakuwa machache na kwa hiyo hatari itakuwa ndogo. Je, boti za mpira zinafaa? Je, tunahitaji vibali gani? Na la mwisho, ambalo mke wangu ananiuliza kila jioni: viboko. Naomba mnijibu kwa uwazi, hata kama jibu ni kwamba tusiende.

Mpima Maji Mstaafu

Mwalimu, asante kwa kuuliza mapema. Nimefanya kazi ya kupima mito kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, katika Bonde la Rufiji na katika mito ya mchanga ya huku kwetu, na nitajibu kwa urefu kwa sababu hesabu yako ya rula ndiyo iliyozaa makosa mengine yote.

Rula inapima mstari ulionyooka, na mto haujui mstari ulionyooka. Chukua uzi wa cherehani, uulaze juu ya ramani ukifuata kila kona, kisha uunyooshe na uupime. Utaona safari yako imeongezeka, pengine kwa theluthi, pengine kwa nusu. Hata hivyo umbali si kipimo cha kupangia safari ya mto. Kipimo ni maji: ni mangapi, yanakwenda kwa kasi gani, na wiki hiyo yanapanda au yanashuka. Siku ambayo mkondo unakubeba utaona kilomita ishirini ni mchezo, na siku ambayo mto umesambaa juu ya mchanga na kuwa vijito vitano vya kina cha kifundo cha mguu, utashinda unaburuta boti na jioni hutakuwa umevuka hata nne.

Tuje kwenye mwezi, na hapa naomba uniamini: Septemba iondoe kabisa. Ruaha Mkuu unalishwa na mvua za nyanda za juu kusini, ambazo maji yake hushuka kwenye bonde la Usangu na kupumzika katika ardhioevu ya Ihefu kabla ya kutoka kuelekea hifadhini. Zamani mto huu ulikuwa ukitiririka mwaka mzima. Tangu mwaka 1993 sehemu inayopita hifadhini imekuwa ikikauka mwishoni mwa kiangazi karibu kila mwaka, kwa sababu maji mengi huchukuliwa juu kwa ajili ya mashamba. Ukienda Septemba hutakuta mto. Utakuta mchanga na mabwawa yaliyobaki kwenye kona zenye kina, na katika kila bwawa wamejazana viboko na mamba ambao mwezi Mei walikuwa wametawanyika. Wewe umewaza kwamba maji yakipungua hatari inapungua. Kwenye mto huu ni kinyume chake, kwa maana maji yakipungua hatari inakusanyika mahali pamoja, na mahali penyewe ndipo penye njia pekee ya boti.

Machi na Aprili nako usiende, mto umejaa na umevunja kingo, magogo yanaelea na huwezi kupata pa kutua. Dirisha lako ni kuanzia katikati ya Mei hadi Juni. Mvua zimekwisha, maji bado yapo ila yanashuka taratibu, na usiku kuna baridi kidogo ya kulalia. Kwa kuwa shule inafungwa Juni, nenda siku za mwanzo za mwezi huo, usisubiri mwishoni.

Pia naomba ubadilishe mahali pa kuanzia. Usianzie mpakani mwa hifadhi. Anzia Pawaga, chini ya pale ambapo Ruaha Mdogo unaingia. Ruaha Mdogo unatoka milima ya Mufindi, unapita Iringa mjini, na hauna tabia ya kukauka kama kaka yake, kwa hiyo chini ya makutano kwa kawaida una matumaini zaidi ya kupata kina cha kuelea. Utapoteza siku mbili za safari uliyoiota, lakini zilizobaki utazisafiri kwa boti badala ya kwa miguu.

Kuhusu vibali nitasema kwa kifupi. Ndani ya hifadhi wenye mamlaka ni TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na huingii na boti kwa sababu tu mto unapita. Maeneo ya Idodi na Pawaga yanayopakana na hifadhi yana jumuiya ya uhifadhi wa wanyamapori ya vijiji, inayoitwa MBOMIPA, kwa hiyo nenda ukajitambulishe kwao na kwenye ofisi za serikali za vijiji utakavyopita na kulala. Usalama wa vyombo vya majini, vikiwamo vidogo, unasimamiwa na TASAC. Waulize kuhusu chombo chako kabla hujanunua. Iringa kuna makao ya Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, ambao wana vituo vya kupimia mto, na ukiwaendea kwa adabu ukaeleza kwamba wewe ni mwalimu, sioni kwa nini wasikuambie maji yamesimama wapi wiki hiyo. Karibu na ukuta wa Mtera ni eneo la TANESCO, shirika la umeme, kwa hiyo safari iishie kwenye mwalo wa wavuvi mbali na ukuta, wala usijaribu kusogea upige picha.

Niongeze jambo moja ambalo nililipata kwa gharama. Nilipokuwa kijana tulitumwa kupima Mto Kizigo, ambao nao huingia upande wa Mtera. Ulikuwa mweupe, mchanga mtupu, na anga lilikuwa na nyota hadi ukingoni, basi tukapiga hema katikati ya mto kwa kuwa ndipo palipokuwa tambarare. Mnamo saa nane usiku nikasikia mlio kama wa lori linalopanda mlima kwa gia ya kwanza. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, juu huko, ambako sisi hatukuona hata radi. Tulitoka na nguo tulizovaa. Hema, sanduku la vipimo na kiatu changu kimoja vikaenda. Hatukupoteza mtu, na hilo namshukuru Mungu hadi leo.

Juni hutakutana na gharika ya namna hiyo, lakini tabia niliyoianza asubuhi ile ninakushauri uichukue. Kila mnapotua jioni, mkate kijiti, mkitie alama kwa kisu kila upana wa kidole, na mkipigilie pale maji yanapogusa mchanga. Asubuhi mkitazame kabla ya chai. Kikionyesha maji yameshuka vidole viwili kwa usiku mmoja, mmejua kwamba hamna siku za kupoteza. Kikionyesha yamepanda wakati hakuna mvua, kuna jambo limetokea juu na inafaa mngoje. Na kasi ya mkondo mnaipima hivi: tupeni kipande cha kuni kikavu katikati ya maji, mtembee nacho ukingoni hatua ishirini za kawaida mkihesabu sekunde. Zikiwa kumi na tano, mkondo unakwenda kama mita moja kwa sekunde, yaani kilomita tatu na nusu hivi kwa saa bila ninyi kugusa kasia.

Mvuvi wa Migoli

Mwalimu, shikamoo, na shikamoo kwako pia mzee mpima maji. Mimi ni mtu wa bwawa, nimezaliwa Migoli na ninavua perege na kambale upande huu wa Iringa, kwa hiyo nitasema yale ya viboko na ya bwawa lenyewe, maana naona mzee amemaliza ya mto.

Boti za mpira usinunue. Bwawa hili lilipojaa mara ya kwanza lilifunika msitu, na ile miti ilikufa ikiwa imesimama. Mingine unaiona, imekaa kama nguzo na ndege juu yake. Hiyo haina shida. Shida ni visiki vilivyokatikia chini kidogo ya uso wa maji. Bwawa likijaa linafika mita 698.5 kutoka usawa wa bahari, na mitambo ya umeme inaruhusiwa kulitumia hadi lishuke mita 690, kwa hiyo kisiki kilichokuwa salama mwezi jana, mwezi huu kinakungoja kwa inchi mbili. Jua likiwa mbele yako maji yanang'aa kama bati na huoni kitu. Mtumbwi wa mbao ukigonga kisiki unatetemeka na kupata mchubuko. Mpira ukigonga, umebaki na kipande cha plastiki katikati ya maji. Kukodi mtumbwi wa mbao pamoja na mwenye mtumbwi itakugharimu pungufu ya hizo boti mbili, na utakuwa umepata pia macho ya mtu anayeyajua maji.

Kwa sababu hiyo hiyo ya maji kupanda na kushuka, usiamini mstari wa bluu wa ramani. Kingo zetu ni tambarare sana. Maji yakishuka mita moja tu, ukingo unahama mbali, na pale ramani inapoonyesha maji utakuta tope la kuzama hadi paja, au mashamba ya watu waliofuata unyevu. Mto unapoingia bwawani unagawanyika kwenye matete na magugu, na njia iliyokuwa wazi mwaka jana inaweza kuwa imeziba. Hapo ndipo mgeni anapozunguka siku nzima. Mwenyeji anatazama mkondo unavyolaza majani na anajua.

Upepo. Kuanzia Juni upepo wa huku unaanza kukaza, na ukianza mchana bwawa linakuwa na mawimbi mafupi yanayogongana, mabaya kuliko mawimbi marefu. Sisi tunaingia majini alfajiri na saa nne asubuhi tunataka kuwa tumeshakaribia kutoka. Nanyi siku ya bwawa mwondoke kabla ya jua, mfuate ukingo, msikate katikati hata kama mnaona ng'ambo karibu. Jaketi la kuokolea maisha livaliwe, lisikaliwe kama mto wa kiti.

Sasa viboko. Mwaka mmoja nilikuwa natoka kutega nyavu na mdogo wangu, jua limezama lakini mwanga bado upo, na kwa kuwa tulichelewa tukapita njia ya mkato kati ya matete na maji ya kina. Tulikuwa tumekaa kimya kwa uchovu. Kiboko alikuwa kwenye matete, maji madogo, sisi tukawa tumemkatia njia ya kurudi kwenye kina. Sikumwona. Nilisikia tu mtumbwi umeinuka upande wa nyuma, kisha tukawa ndani ya maji. Hakutufuata, alichotaka ni kupita, na akapita. Mdogo wangu alivunjika mkono. Ule mtumbwi ninao hadi leo, na tundu la jino lipo kwenye ubao wa pembeni, linaingia kidole gumba. Tumeliziba kwa bati na lami.

Kwa hiyo shika haya. Kiboko anapokuwa na hofu hukimbilia maji ya kina, basi wewe pita upande wa maji madogo na umwachie kina. Usinyamaze, kila mnapokaribia kona au bwawa lenye kina, gongeni ubavu wa mtumbwi kwa kasia, ko, ko, ko, bila haraka, ili wajitokeze muwahesabu. Kiboko hukaa chini ya maji dakika tano hivi, kwa hiyo ukiona vichwa vinne usiondoke, ngoja, mara nyingi kuna wa tano. Mkiona wamefunga mto wote hakuna ushujaa, mtatua na kusubiri au mtabeba mtumbwi kupitia nchi kavu. Na saa kumi alasiri muwe mmeshatua, kwa maana giza likianza kuingia wanatoka kwenda malishoni na ukingo wote unakuwa wao.

Mahali pa kulala tazama chini kabla ya kutazama kivuli. Njia ya kiboko haifanani na njia ya ng'ombe: ina mifuo miwili sambamba, ya miguu ya kulia na ya kushoto, na katikati tuta dogo lenye majani. Ukiona mifuo hiyo inapanda kutoka majini, au ukiona kinyesi kimetapakaa juu ya vichaka kama kimerushwa, hapo si pa kulala hata kama pamefagiliwa. Mamba sitasema sana. Hakuna kuoga mtoni, hakuna kuning'iniza mkono majini, samaki hawasafishiwi karibu na mnapolala, na maji yachotwe kwa ndoo yenye kamba mkiwa mmesimama juu, tena si mahali pale pale kila mara, kwa sababu mamba anajifunza.

Mwalimu wa Kikuyu

Marahaba, na nakushukuru sana. Mzee mpima maji, nimefanya hilo la uzi usiku wa jana mezani na binti yangu ameshika ncha ya pili, na kwa kweli niliona aibu kwa namna rula ilivyonidanganya. Septemba tumeifuta, na boti za mpira pia tumeziacha.

Nina maswali mawili yaliyobaki. La kwanza, tukikodi mtumbwi mmoja mkubwa pamoja na mwenyewe, je, si hatari kuwa na chombo kimoja tu? La pili, tukipatwa na jambo mahali ambapo simu haishiki, tunatokaje?

Muuguzi wa Chamwino

Nitalijibu la pili, kwa kuwa ninafanya kazi ya kupokea watu waliochelewa kutoka porini.

Mpango wa kutoka unaandikwa kabla ya kuondoka, na unaachwa kwa mtu aliye nyumbani. Mke wako awe na karatasi yenye orodha ya vijiji mtakavyopita kwa mpangilio, namba ya simu ya mtendaji wa kila kijiji, mahali ambapo barabara inakaribia mto, na saa ambayo asiposikia kutoka kwenu anaanza kupiga simu. Saa hiyo iwe moja, imeandikwa, isiwe "tukichelewa kidogo usijali". Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114 na ya polisi ni 112, lakini mjue kwamba mtu wa kwanza kuwafikia mkiwa kwenye mto ule atakuwa mwanakijiji mwenye pikipiki, kwa hiyo mtendaji ndiye namba yenu ya kwanza. Kama mnaweza kuazima simu ya setilaiti, mwiazime.

Kila mmoja awe na vitu vyake mwilini na si mtumbwini: kisu kidogo, filimbi, kiberiti cha gesi kilichofungwa kwenye mfuko wa nailoni, na simu iliyozimwa ili kutunza chaji. Mtumbwi unaweza kuondoka na kila kitu ndani yake, na kitakachobaki ni kile kilicho mfukoni. Vitu vingine viwekwe kwenye ndoo zenye mifuniko inayobana, na ndoo zifungwe kwenye mtumbwi.

Kuhusu maradhi, huko kuna malaria, kwa hiyo chandarua kwa kila mtu na vipimo vya haraka mkoba mmoja. Kuna ndorobo katika vichaka vya jirani na hifadhi, ambao wanavutwa na rangi ya bluu na nyeusi, basi vaeni nguo nene kidogo za rangi ya udongo. Kuhusu kichocho, msijidanganye kwamba mtakaa siku nne mtumbwini bila kukanyaga maji, mtakanyaga. Kipimo kikifanywa mara mnaporudi kinaweza kusema hamna, kwa sababu minyoo bado ni michanga. Njooni mpimwe baada ya wiki sita hadi nane, na dawa ipo.

Maji ya mto huo yana tope. Yaacheni yatulie kwenye ndoo usiku kucha, yachujeni kwa kitambaa safi, kisha yachemsheni. Ukitia vidonge vya klorini kwenye maji ya tope unapoteza dawa. Hesabu ya kunywa ni lita nne hadi tano kwa mtu kwa siku, na mtu akiharisha, lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mtu akiumwa na nyoka, msimkate, msimfunge kamba, msinyonye. Mlazeni, mfungeni ubao ili kiungo kisicheze, na safari ya mto iishe hapo hapo.

Mwana wa Ulanga

Naomba kutoa wazo tofauti. Mwalimu anataka kuliona Bonde la Rufiji kutoka majini, na mto wa kulionea ni Kilombero, ambao peke yake hutoa zaidi ya nusu ya maji yote ya Rufiji, wakati Ruaha Mkuu pamoja na sifa zake zote hautoi hata robo. Kilombero haukauki. Pale Ifakara watu wameishi kwa mitumbwi tangu mababu, wanaoendesha kwa pondo wamesimama na mzigo wa mchele mbele yao, kwa hiyo huna haja ya kutafuta mwenyeji kwa tochi. Kutoka Dodoma unapitia Morogoro na Mikumi, siku moja ya barabara. Kwa safari ya kwanza ya maisha, ningeanza na mto wenye watu kabla ya mto wenye viboko.

Mpima Maji Mstaafu

Ndugu wa Ulanga amesema kweli kuhusu Kilombero na sina la kupinga katika takwimu zake, ingawa viboko na mamba Kilombero wapo, asiwasahau. Ninachopima mimi ni moyo wa mwalimu. Yeye ameuliza mto unaoingia Mtera, ule anaouona kwenye dirisha la basi, na wanafunzi wake wanawasha taa ambazo sehemu ya umeme wake hutoka katika maji hayo, kwa kuwa maji ya Mtera huzungusha mitambo ya megawati 80 pale pale na kisha hushuka kuzungusha mingine ya megawati 204 Kidatu. Kuna mafunzo katika mto uliopungua ambayo huyapati katika mto ulioshiba. Aende Ruaha, lakini afupishe.

Kuhusu swali la vyombo, mwalimu, jibu ni viwili. Mitumbwi miwili ya wastani, kila mmoja na mwenyeji wake, msafiri mmoja katika wa kwanza na wawili katika wa pili, na umbali kati yao uwe wa kusikia filimbi. Mmoja ukipinduka, wa pili ndio ukingo wenu. Na kabla ya yote hayo, nenda Pawaga kwa gari mwishoni mwa juma moja la mwezi Mei, utembee ukingoni kwa miguu, uangalie maji, uongee na watu, urudi nyumbani ulale. Wengi wanaopotea hawakufanya safari hiyo ya kwanza.

Mwalimu wa Kikuyu

Nimerudi na taarifa. Jumamosi iliyopita nilikwenda Pawaga na mdogo wangu. Tulijitambulisha ofisi ya kijiji, tukaandika barua, na tukaelekezwa kwa watu wa jumuiya ya wanyamapori, ambao walitusikiliza vizuri na kutuonyesha kwenye ramani yao kona mbili ambazo hawataki mtu apite kwa maji msimu huu kwa sababu viboko wana ndama. Tulipewa majina ya wazee wawili wenye mitumbwi.

Mmoja alitupeleka mtoni. Nilikata kijiti, nikakitia alama, nikakipigilia. Tulitupa kuni majini na kutembea nayo. Nilihesabu sekunde ishirini na mbili kwa hatua ishirini, mdogo wangu akapata ishirini na nne. Mzee alitutazama bila kusema, kisha akachuchumaa ukingoni na kunionyesha mstari wa tope uliokauka kwenye shina la mkuyu, juu ya kichwa changu, akasema maji yalifika pale Aprili. Nilikaa nikiutazama mstari ule kwa muda mrefu. Asubuhi ya Jumapili kijiti kilikuwa kimeshuka kidole kimoja na nusu.

Tumeamua hivi: mitumbwi miwili, wenyeji wawili, siku nne badala ya sita, tunaanzia chini ya makutano na tunaondoka juma la kwanza la Juni. Kona zile mbili tutazipita kwa nchi kavu. Karatasi ya mke wangu ameiandika mwenyewe, na saa aliyoiweka ni saa kumi na mbili jioni ya siku ya nne. Mvuvi wa Migoli, nakuomba unielekeze mwalo wa kutokea, na kama utakuwepo siku hiyo, utupokee.

Mvuvi wa Migoli

Nitakuwepo, mwalimu. Siku ya nne usivuke bwawa mchana hata kama umechoka kungoja. Lala kwenye dago la wavuvi pale mto unapoingia, waambie umetumwa na mimi, na alfajiri watakutoa kwenye matete. Mke wako abadilishe karatasi iwe siku ya tano saa tano asubuhi. Kijiti chako uje nacho.